Mtungi Unaendeleaje?

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti la kushoto limepunguza makelele. Mimi sijambo. Mafua niliyotoka nayo msibani yamekwisha, ila nikikohoa bado jirani wa chumba cha pili ananigongea ukuta, kana kwamba nakohoa kwa makusudi. Naandika kwa sababu ulisema simu unaisikia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na mambo haya yanataka utulivu.

Tangu Novemba sijakuandikia vizuri. Nilifika Baba ameshazikwa, nikalala siku mbili, nikaondoka. Hata kwenye banda lake la rangi sikuingia. Nilifika mlangoni, nikaona aproni yake imening'inia kwenye msumari, nikarudi. Nisamehe kwa hilo.

Sasa neno lenyewe. Unajua kazi yangu hapa makumbusho ni kutunza nguo za kale. Tuna kipande kimoja kilichofukuliwa ardhini, upana wake viganja viwili, kimewekwa kwenye kasha la kioo. Ni pamba iliyosokotwa kwa mkono, yenye mistari ya buluu iliyokoza mpaka inakaribia weusi. Mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Lebo kwa jinsi anavyopenda kuandika vibao, anataka itengenezwe nguo nzima kama ilivyokuwa siku ilipotoka mtamboni: uzi wa mkono, ufumaji wa mkono, rangi ya majani. Maonyesho ni tarehe kumi Oktoba, na mtu ataivaa ili watu waione ikitembea.

Siku nilipokiona kipande kile nilisema kwa sauti, "Hii buluu ya Baba." Wenzangu wakageuka. Basi nikawaeleza habari za mtungi wake wa rangi: umefukiwa ardhini hadi shingoni, haujakauka kwa miaka thelathini na moja, unalishwa pumba na maji ya majivu kila asubuhi kama mfugo. Bwana Lebo alifurahi mno. Kibao ameshakichapisha: "Rangi hii imetoka katika mtungi wenye umri wa miaka thelathini na moja."

Nimewaahidi kwamba nguo utaifuma wewe, na nyuzi za mistari utazichovya humo. Najua kuchovya ilikuwa kazi ya Baba na kufuma ni yako, lakini ulimtazama miaka yote hiyo. Nimeahidi kabla ya kukuuliza. Kosa hilo ni langu.

Mtungi unaendeleaje?

Wako,
Mtoto wa kaka yako


Tarehe 27 Februari

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Bado nakuita hivyo ingawa una ofisi, maana sijasahau siku ulipochovya kidole mtungini ukakipeleka shule umekificha mfukoni, na mwalimu akadhani umeiba kitu.

Sisi huku tu wazima. Paa la jikoni limezibwa. Kuku wameanza kutaga tena, isipokuwa mmoja ameamua kutaga ndani ya kikapu changu cha pamba, na nikimtoa ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Jirani yetu mshonaji anakusalimu. Alikuja jana kuazima mkasi, akakaa mpaka chakula kikaiva.

Nguo nitaifuma. Mikono inataka kazi, na nyumba imekuwa na ukimya nisiouzoea. Asubuhi bado nasikiliza kikohozi cha baba yako kabla sijatia maji ya chai, kisha nakumbuka. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuahidi. Niambie tu nyuzi ni ngapi katika upana wa kidole gumba, na zimesokotwa kuelekea kulia au kushoto. Mistari imesimama au imelala? Pamba ninayo ya kutosha.

Na kile kidumu alichokujazia baba yako ulipohamia mjini, cha maji ya mtungi, bado unakilisha? Alikuwa akijisifu kwa watu kwamba binti yake ana mtungi wake mjini. Nijibu hilo usisahau.

Mimi shangazi yako


Tarehe 20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za paa, na pole kwa kuku. Hapa tumehamishiwa chumba cha chini kisicho na dirisha. Nikitaka kujua kama mvua inanyesha natazama viatu vya anayeingia.

Nimehesabu kwa lenzi mara tatu. Nyuzi ni kumi na nne kwa upana wa kidole gumba, zimesokotwa kuelekea kushoto. Mistari imelala. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Utaona nimeweka alama nyekundu mahali fulani: pale uzi umeruka, umepita juu ya nyuzi tatu badala ya mmoja. Ni kosa la aliyefuma. Bwana Lebo anasema tulirudie kosa hilo hilo.

Kidumu kipo.

Nitumie uzi mmoja wa buluu niulinganishe na kipande. Hata wa urefu wa mkono unatosha. Hukuniambia hali ya mtungi.

Wako


Tarehe 18 Aprili

Mwanangu Kidole,

Marahaba, mwanangu. Mvua huku haikatiki. Nguo zinakauka kwa siku mbili na kunuka siku ya tatu. Goti linanitabiria mvua vizuri kuliko redio.

Nimesokota kilo moja na nusu. Nimetandika mtambo, na nimefuma kiganja kizima cheupe. Nakutumia nyuzi nne uzipime. Zangu nadhani ni nyembamba kidogo kuliko za yule mfumaji wa kale, kwa sababu yeye alisokotea kwenye paja na mimi natumia kijiti cha kusokotea.

Kosa lake nimelitazama sana. Halikuwa la kutojua, maana kabla na baada yake kazi ni safi kabisa. Mtu huyu aliitwa. Aliinuka, akaenda, akarudi akili yake ikiwa bado huko alikoitwa, akapitisha uzi mmoja bila kuangalia. Nayajua hayo kwa kuwa siku walipokuja kunigongea kuhusu baba yako nilikuwa mtamboni. Nikija kulirudia nitalirudia kwa adabu.

Kuhusu rangi tusiharakishe. Mvua ikipungua tutazungumza. Umesema kidumu kipo, lakini kinakula? Kina povu? Kinanukaje?

Shangazi yako


Tarehe 9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyuzi nyeupe zimefika, ni nzuri, kila mtu amezisifu. Lakini nilikuomba buluu. Imebaki miezi mitano. Bwana Lebo ananiuliza kila Jumatatu, nami kila Jumatatu nasema wiki hii. Niambie kitu kimoja tu: mtungi ni mzima?

Wako


Tarehe 3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu karibu mwezi. Nimempigia jirani mshonaji akasema u mzima, unafuma, umemkatalia hata kuingia kwenye banda la rangi. Nilipomwuliza sababu alisema, "Mwulize mwenyewe, mimi simo." Barua yangu ilikuwa na ukali usiokustahili. Nimekuwa na hofu, na sababu yake sikuwahi kukuambia.

Kidumu kipo kweli. Kipo chini ya sinki, kitupu, kimeoshwa. Rangi ilikufa mwaka ule ule nilipohamia. Chumba changu cha kwanza kilikuwa kidogo, mwenye nyumba akalalamika harufu. Alisema, "Binti, ama unitolee huo mzoga, ama utoke nao." Nikakiweka nje juani. Niliporudi kutoka kazini siku ya tatu kilikuwa kimechemka, kimegeuka kuwa maji ya kahawia. Nilikilisha wiki nzima nikidhani kitarudi.

Kila Jumapili Baba alipopiga simu alianza na hilo kabla hata ya kuniuliza kama nimekula: "Mtungi wako unaendeleaje?" Nami nikajibu, "Unakula vizuri, Baba." Miaka minne nimemjibu hivyo. Hata Jumapili ile ya mwisho. Nadhani ndiyo sababu sikuweza kuingia bandani. Niliogopa kuutazama mtungi ulio hai.

Sasa umebaki huo wa nyumbani tu. Nimekuambia ili ujue kwa nini nauliza kama mtu aliyechanganyikiwa. Ukiwa na kitu cha kuniambia, niambie hivyo kilivyo.

Wako,
Kidole


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye kizingiti. Nimeiweka siku sita. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimewashia moto.

Mtungi haupo. Maana yangu, wenyewe upo pale pale ulipofukiwa, lakini ni mtupu. Na aliyeumwaga ni mimi.

Siku ya pili ya msiba watu walikuja kusafisha ili wageni wapate pa kukaa. Waliomwosha baba yako walikuwa wamesugua kucha zake kwa brashi mpaka nikawaambia waacheni, hizo ni buluu tangu ujana wake, mkizitoa nitamjuaje. Nikatoka nje nipumue. Jirani mshonaji akanikuta, akasema, "Dada, kule bandani kuna kitu kinanuka vibaya, tukimwage?" Naijua harufu ile kuliko ninavyoijua ya jiko langu. Lakini asubuhi ile ilikuwa harufu ya shati lake, na sikuweza kuivumilia. Nikasema, "Mwageni." Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama nikawatazama wakichota kwa ndoo hadi wakafika chini, wakasuuza.

Jioni nikauliza kama kuna aliyelisha mtungi. Jirani akanitazama. Tangu hapo hatujalizungumza, anakuja tu kuazima mkasi.

Nilikuwa nikikuuliza habari za kidumu kwa kuwa ndilo lilikuwa tumaini langu. Nilisema moyoni, mtoto anacho, ataniletea kikombe kimoja, nitaufufua, na hatajua. Kumbe nawe ulikuwa umeniwekea tumaini lile lile. Nimefuma mpaka pale mstari wa kwanza wa buluu unapotakiwa kuanza. Hapo nimesimama tangu Aprili. Kila asubuhi nakaa mtamboni, nafuta vumbi, nainuka.

Jambo moja nikuambie, maana sasa hakuna faida ya kulificha. Baba yako alijua. Mwaka ule ule, baada ya simu, aliniambia, "Kidumu kimekufa. Nimelisikia kwenye sauti yake." Nikamwambia basi acha kumwuliza. Akasema, "Nisipouliza atajua kwamba nimejua." Ndiyo maana aliuliza kila Jumapili. Nami nilipokuuliza nilikuwa naomba awe alikosea.

Mwambie mkuu wako kilichotokea, au nitamwandikia mimi. Nisamehe, mwanangu.

Shangazi yako


Tarehe 1 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilisoma barua yako chooni kazini, mahali pekee penye mlango wa kufunga. Nililia, kisha nikacheka kwa lile la Jumapili, kisha mtu akagonga.

Sina cha kukusamehe. Mtu mwingine angesema ni watu waliomwaga, si yeye.

Bwana Lebo bado sijamwambia. Nipe wiki chache. Kuna kitu nimekikumbuka na hakinipi usingizi. Baba hakuwahi kuuosha mwiko wake wa kukorogea, ule mrefu wa mbao. Nilipokuwa mdogo niliuosha siku moja kwa sabuni nikidhani namsaidia, akaupokonya kama nimeshika kisu. Alisema mle kwenye gamba la rangi lililogandia mbao ndimo mtungi unamolala ukichoka. Sijui kama ni kweli. Hapa nimemwuliza fundi wa maabara, akasema huenda, inategemea umekaa wapi, kama umelowa, kama umeguswa na sabuni.

Mwiko uko wapi?

Kidole


Tarehe 29 Julai

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Nilipofika kwenye neno mwiko nilitoka nje na barua mkononi.

Mwiko ulikuwa komeo la kuku. Siku ile walipousafisha mtungi waliutupa uani, nikauokota bila kufikiri, nikautia kwenye mlango wa kibanda cha kuku kwa kuwa komeo lilikuwa limevunjika. Miezi minane nimeushika asubuhi na jioni. Ncha ya chini, yenye gamba, ilikuwa imeingia chini ya bati, mvua haikuifikia. Sehemu nyingine kuku wameifanyia wanayoyafanya.

Nilikwangua gamba kwa kisu juu ya gazeti. Lilitoka kama nusu kikombe, jeusi, gumu kama masizi ya sufuria. Magunia mawili ya majani makavu ya nili bado yalikuwa darini. Tarehe sita nikatia mtungini majani, maji ya majivu ya vuguvugu, pumba, na lile gamba. Nikavaa aproni yake, maana yangu sikuiona. Ni kubwa, nimeikunja kiunoni mara mbili.

Siku ya kwanza hadi ya tisa hakuna kitu. Nilikuwa nikiinama kunusa kila asubuhi, unanuka majani yaliyolowa tu, kama kapu la mboga. Nililisha hivyo hivyo. Kulisha kitu usichojua kama ki hai kunachosha kuliko kufuma. Siku ya tano niliamua kwamba kimekufa, siku ya sita nikalisha.

Siku ya kumi jirani mshonaji alisimama mlangoni ameziba pua kwa kanga. Akasema, "Dada, humu kuna nini kimekufa?" Nikamwambia, "Humu hakuna kilichokufa. Ingia." Akaingia, akaliona povu la buluu, na ngozi juu ya maji inang'aa kama shaba. Akakaa chini sakafuni na gauni lake safi, akaanza kulia, nikamwacha. Kisha tukachovya uzi pamoja. Ulitoka kijani kama jani changa, ukageuka buluu mbele ya macho yetu.

Lakini sikufichi, si buluu ya baba yako. Ni kama shati la shule lililofuliwa sana. Mtungi mchanga hauna nguvu. Nimechovya mara kumi na mbili na bado. Uzi huo nakutumia uuone. Siku zinakwenda, nami siwezi kuuharakisha, ukilazimishwa unakufa. Nikufanyie nini?

Shangazi yako


Tarehe 11 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimeweka uzi kando ya kipande. Umepauka, ndiyo. Lakini ni rangi ya ukoo ule ule, kila mtu anaona.

Nimemwambia Bwana Lebo yote: kidumu, ndoo, kuku. Alivua miwani. Akasema, "Kibao nimeshakichapisha." Nikasema, "Kitakuwa cha uongo." Akazunguka meza, akasema, "Basi huyo shangazi yako aniambie niandike nini." Kama nguo ataikubali au ataikataa hakusema. Amesema ataiona kwanza.

Anza mstari wa kwanza na uzi ulio nao. Tafadhali usisubiri uive.

Kidole


Tarehe 27 Septemba

Mwanangu Kidole,

Marahaba. Sisi wazima. Kuku wa kikapu ametotoa saba. Goti lipo.

Nguo ndiyo hii. Nimeikunja mara nne tu, isipate alama. Nilikuwa naogopa kuikata kutoka mtamboni, nikakaa nayo siku nzima nikijifanya natafuta mkasi, na mkasi ulikuwa kwa jirani.

Uitandaze mezani uangalie kutoka chini kwenda juu. Mstari wa kwanza umepauka kama ulivyouona. Wa pili umekolea kidogo, maana mtungi ulikuwa na wiki tano. Wa nne nilichovya mara ishirini na nane. Wa mwisho, ule wa begani, uweke karibu na kile kipande chenu cha kale, kisha uniambie. Mimi nimeutazama juani na kivulini, na sitaki kusema neno kabla yako. Sikuweza kuifanya mistari yote ilingane. Ukitaka kuona umri wa mtungi, umo humo kwenye nguo.

Kosa la yule mfumaji nimelirudia penye alama yako nyekundu. Lakini kuna jingine, juu ya mstari wa tatu, uzi umeruka vivyo hivyo. Hilo ni langu. Nilisikia kikohozi, nikainuka kwenda kutia maji ya chai. Sikulifumua. Mkuu wako akiliona, mwambie nami niliitwa.

Ameuliza aandike nini. Aandike kwamba mtungi huu una umri wa miezi mitatu, na kwamba kabla yake ulikuwepo mwingine. Akiona nafasi haitoshi, aandike la kwanza tu. Akiikataa nguo, irudishe, nitaivaa mwenyewe, nimeipima, inanienea.

Ndani ya boksi, chini ya gazeti, kuna kidumu. Nimekijaza mpaka shingoni. Ukifika nacho chumbani legeza kifuniko kipumue, usikiweke juani, na mwenye nyumba akilalamika mwambie shangazi yako atakuja kuzungumza naye. Konzi moja ya pumba kila asubuhi. Siku kikifa, niandikie siku hiyo hiyo, nitakupa kingine. Jumapili nitakupigia simu, nyuki au si nyuki, na unajua nitakachouliza.

Ukikilisha, mkumbuke baba yako. Na mimi unikumbuke.

Shangazi yako